Ustahimilivu wa Mifumo ya Tarakilishi: Mfano wa Meru na Embu

Mnamo Julai 2023, eCitizen, lango la huduma za serikali ya Kenya mtandaoni, lilishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo, mwombaji wa pasipoti aliyekuwa Meru au Embu alikwama sawa na wa Nairobi, kwani wote walitegemea lango moja. Je, ingekuwaje iwapo adui angeingia ndani na kuzibadilisha kumbukumbu?

Ulinzi wa kawaida hujenga ukuta. Ustahimilivu, kwa upande wake, huanzia pale ukuta unapobomoka. Tuchukulie kuwa alama za wanafunzi zimehifadhiwa katika seva nne: Meru, Embu, Chuka na Nairobi. Mdukuzi akiiteka seva ya Embu na kughushi alama, zile tatu zilizosalia hulinganisha majibu, zikaukataa uongo huo, na huduma ikaendelea. Ndivyo lilivyo pia baraza la Njuri Ncheke la Wameru: uamuzi ni wa baraza, si wa mzee mmoja.

Mwaka 1982, Lamport, Shostak na Pease walithibitisha kwamba, pale ujumbe usipotiwa saini, kumstahimili msaliti mmoja kunahitaji washiriki wasiopungua wanne. Aidha, seva hizo sharti zitofautiane kwa programu na nywila. Zikifanana, hila iliyoifungua moja itazifungua zote, na wingi wake hautakuwa kinga tena.