Pesa Iliyojua Njia ya Nyumbani

Oktoba 2005, maduka manane ya Nairobi na Thika yalianza kupokea pesa kwa namna ngeni. Wateja hawakufika 500, wote wanachama wa vikundi vya mikopo vya Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Walipewa simu ili walipe marejesho yao bila kubeba noti.

Mpango huo haukwenda mbali. Watu wale walikuwa na mambo yao: mmoja analipa rejesho la mwenzake kwa mapatano yao wenyewe, mwingine anaweka pesa mji mmoja na kuitoa mji wa pili ili asiibiwe njiani, mfanyabiashara anayaweka mauzo ya siku simuni yasilale dukani. Wengine waliwanunulia ndugu wa mashambani muda wa maongezi. Vikundi navyo vikaanza kulegea, maana anayelipa kwa simu haoni sababu ya kwenda mkutanoni, na mkutano ndio uliokuwa ukiwabana wadaiwa.

Nick Hughes na Susie Lonie, waliousimamia mradi kwa upande wa kampuni ya simu ya Vodafone, walikuwa na busara ya kuwafuata wateja badala ya kubishana nao. Mikopo ikawekwa kando. Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ikaizindua M-Pesa kwa wito mmoja tu: tuma pesa nyumbani.

Kwa Mkenya wa mjini, nyumbani si chumba anachopanga mtaani Kayole, Nairobi. Ni kwao, waliko wazazi na shamba. Zamani pesa ya kwao ilipanda basi, imefungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa dereva au jamaa anayesafiri, na mtumaji akabaki kuomba Mungu. Ndiyo maana huduma hii, ijapokuwa ilizaliwa ndani ya kampuni kubwa, haikuhitaji kuwatafuta wateja mmoja mmoja: kila aliyejiunga alikuwa na mtu wa kumtumia. Mama wa kijijini hakulazimika hata kujisajili. Alipokea ujumbe wenye namba, akaenda nao kwa wakala, akapewa pesa yake. Ila kumtumia asiyesajiliwa kulikuwa na ada kubwa zaidi, na ada hiyo ilimfanya mtoto amsihi mamake ajisajili. Ujanja mzuri huo.

Menyu yenyewe ilikaa ndani ya kadi ya simu, kwa hiyo hata simu ndogo ya mulika-mwizi ilitosha. Intaneti haikuhitajika. Pesa ikishatumwa, pande zote mbili hupata ujumbe, na salio jipya limo humo. Ujumbe huo ndio risiti.

Kazi ngumu hufanyika kwenye kibanda cha wakala. Yeye ana mifuko miwili, noti mkononi na floti, yaani pesa iliyomo kwenye simu, na kila mteja anaujaza mmoja huku akiupunguza mwingine. Mjini watu huweka, kwa hiyo floti ndiyo huisha. Kijijini hutoa, na noti ndizo huisha, hasa mwisho wa mwezi. Hapo wakala hufunga kibanda na kupanda matatu kwenda benki ya mjini, huku wateja wakimsubiri mlangoni.

Aprili 2008 kampuni ya simu ya Vodacom iliipeleka huduma hiyohiyo Tanzania. Baada ya miezi 14 ilikuwa na wateja wapatao 280,000 na mawakala 930. Kenya, katika muda kama huo, ilikuwa na wateja milioni 2.7 na mawakala karibu 3,000. Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la Kenya, ilhali Vodacom iligawana wateja na wenzake: ungeweza kuwa na M-Pesa, ndugu yako yuko mtandao mwingine. Ilibidi utaratibu wa mawakala upangwe upya ndipo mambo yakachangamka.

Afrika Kusini haikuchangamka hata hivyo. Huduma ilianzishwa huko 2010, ikafungwa 2016. Mtu wa Johannesburg aliyetaka kumtumia mamake alikuwa, mara nyingi, na akaunti ya benki tayari, na maduka makubwa ya vyakula yalikuwa yakimfikishia pesa pale pale mama alipokwenda kununua unga.