Ukindu wa Mpwa Wangu na Mizani ya Mitandao

Mpwa wangu mmoja, akaaye Unguja, hununua mikoba na mikeka ya ukindu kwa kina mama wasukao Pemba, akaiuza kwa watu wa mbali kwa njia ya simu, na jioni moja ya mwezi wa Shaabani alinijia na simu yake mkononi, akanipa shikamoo, akaketi, akaniuliza swali ambalo, kwa unyonge alioliulizia, lilinikaa moyoni siku nyingi: "Mjomba, nina wafuasi elfu tatu na zaidi, mbona posti yangu wameiona watu themanini tu? Wengine wamekwenda wapi?" Picha aliyoiweka ilikuwa nzuri. Mkoba ulisimama juu ya baraza ya mawe, rangi yake ya zambarau imekoza, vishikio vyake vimeshonwa kwa ngozi, na chini yake ameandika maneno matatu ambayo wafanyabiashara wengi wa mitandaoni katika pwani yetu huyaandika: "Bei njoo inboksi." Waliopenda walikuwa saba, na wanne katika hao ni ndugu zake.

Hao wengine hawakwenda popote. Wapo, na simu zao zimo viganjani mwao. Ila baina yao na mkoba ule amesimama mpangaji asiyeonekana, ambaye wajuzi wa kompyuta humwita algorithimu, naye ni mfululizo wa hesabu zilizotungwa na binadamu ili kuamua, kila mtu afunguapo simu yake, ni kipi kitangulie mbele ya macho yake na kipi kibakie chini ambako kidole hakifiki. Facebook ilianza kuwakusanyia watu habari za rafiki zao mahali pamoja mwezi wa Septemba 2006. Kabla ya hapo, mtu akitaka habari za mwenziwe, sharti aende mwenyewe kwenye ukurasa wake, kama aendaye kubisha hodi. Instagram iliendelea kupanga picha kwa wakati, iliyowekwa karibuni ikitangulia, mpaka mwaka 2016 ilipotangaza kuwa itazipanga kwa kadiri inavyodhani kila mtu atavutiwa, na hoja waliyoitoa wenyewe ni kwamba mtu, kwa wastani, alikuwa akikosa kuona asilimia 70 ya yale aliyowekewa. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, kwa sababu afuataye watu mia tano hana muda wa kuwasoma wote, na lazima apatikane wa kumchagulia. Lakini huyo achaguaye ana duka lake, na bidhaa ya duka hilo ni dakika zetu, anazowauzia wenye matangazo. Kwa hiyo akitangulizacho aghalabu ni kile kimfanyacho mtu asiondoke. YouTube iligeuza mizani yake tangu mwaka 2012, ikapunguza kujali idadi ya waliofungua video, ikatazama zaidi muda waliokaa wakiitazama.

Kwa miaka mingi mizani hizi zilikuwa siri, na watu wakaishi kwa kubahatisha, huyu akihimiza kuposti saa mbili usiku, yule akisema zirundike alama za reli mpaka nafasi ijae. Pazia lilifunuka kidogo tarehe 31 Machi 2023, Twitter ilipoweka hadharani sehemu ya programu yake, na siku chache baadaye uzito wa kila tendo ukabainishwa kwa tarakimu. Mashine ile hubashiri uwezekano wa mtu kutenda jambo fulani mbele ya andiko fulani, ikauzidisha ubashiri huo kwa uzito wa tendo lenyewe, kisha ikajumlisha yote. Kupenda kulipewa nusu, kusambaza kukapewa moja, kujibu kukapewa 13.5, na jibu ambalo mwenye andiko naye akalishughulikia lilipewa 75. Yaani mazungumzo ya kwenda na kurudi yalikuwa na uzito mara 150 kuliko ule moyo mwekundu tuubonyezao kwa ada tukapita. Na mtu akiripoti andiko kuwa ni baya, hesabu ilishuka kwa 369. Tarakimu hizo ni za wakati ule na za mtandao ule mmoja. Mitandao mingine ina mizani zake, na wenye kuzimiliki huzibadilisha wapendapo bila ya kumwuliza mtu. Hata hivyo nilimsomea mpwa wangu, naye akanyamaza kitambo, akautazama tena mkoba wake, akasema, "Basi mimi sikumpa mtu neno la kunijibu."

Hapo nikaona amelishika jambo lote. Ile "bei njoo inboksi" ilikuwa ikiwafukuza wanunuzi kwa njia mbili: mwenye haya hakuuliza kabisa, na mwenye ujasiri aliuliza faraghani, ukurasa ukabakia mkavu kama duka lisilo na mteja. Juma lililofuata alivuka kwenda Pemba, akamwomba mmoja wa kina mama wale ruhusa ya kuipiga video mikono yake tu. Maji yanachemka katika sufuria jeusi kwa masizi. Chane za ukindu zinatumbukizwa zikiwa nyeupe, kijiti kinazizamisha, kisha zinainuliwa nyekundu zikichuruzika. Na vidole vya mama yule, vilivyobakiwa na rangi kwenye kucha, vinaanza kusuka huku macho yake yakiangalia pengine. Video haikutimia dakika moja. Haikuanza kwa salamu ndefu wala kwa nembo ya duka. Ilianza kwa maji yale. Chini yake aliandika bei kwa shilingi, akaandika mahali mkoba ulikosukwa, kisha akauliza: "Nakshi hii kwenu mnaiitaje?"

Wakaja. Wa Wete walikuwa na jina lao na wa Makunduchi jina lao. Mama mmoja wa Tanga akasema wote wamekosea. Kijana akaaye Maskati akaandika kwamba bibi yake alikuwa na mkeka wenye nakshi ile ile, na kwamba tangu bibi alipofariki hajaiona tena. Mpwa wangu hakulala mapema usiku ule, maana alimjibu kila mtu kwa jina lake, wala si kwa alama ya dole gumba, na kila jibu lake likazaa jingine. Mikoba yote aliyokuwa nayo ilikwisha kabla ya Ijumaa. Posti iliyofuata, ambayo nami nilishiriki kuitunga, ilirudi chini kule kule kwa watu tisini, kwani mizani hii haina kumbukumbu ya ihsani, na kila siku mtu hupimwa upya.

Sharti niseme pia madhara yake. Mizani ipendayo majibu haiulizi majibu hayo ni ya namna gani. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itayatanguliza yale yawafanyayo jamaa na marafiki wazungumze, azma iliyopendeza masikioni. Walakini tokea mwaka 2017, katika hesabu zake za ndani, kila alama ya hisia, pamoja na ile ya uso wenye hasira, ilikuwa imepewa uzito mara tano ya kupenda. Nyaraka alizozitoa mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, zilionyesha kuwa vyama vya siasa vya Ulaya vilikuwa vimeilalamikia kwamba mabadiliko yale yanavisukuma katika maneno ya kushambulia, kwa sababu maneno ya upole hayafiki kwa watu tena. Uzito wa uso wa hasira ulikuja kushushwa hata ukawa sifuri mwezi Septemba 2020. Miaka mitatu ni muda wa kutosha kwa watu kujifunza tabia, nasi tumejifunza: yuko atukanaye apate kujibiwa, yuko aanikaye aibu ya jirani yake, na yuko awekaye picha ya maiti wa ajali kabla wazazi wa marehemu hawajapewa habari. Nalichukia jambo hili kwa moyo wangu wote. Nimemwambia mpwa wangu kwamba siku nitakayoona amemfedhehesha mtu ili auze mkoba, nitakuwa wa kwanza kuacha kumfuata.

Kuna na dhiki inayotuhusu sisi wenye Kiswahili. Kwa muda mrefu mashine ya Twitter ilikuwa ikiyaona maneno yetu ikadhani ni Kiindonesia, ikawatolea watu tafsiri zisizo na maana, mpaka watumiaji walipopaza sauti kwa alama ya reli ya kukanusha jambo hilo, na mwaka 2018 mtandao ule ukakitambua Kiswahili. Mashine ikishindwa kujua lugha ya andiko, hujuaje nani wa kuonyeshwa? Kwa ajili hii nawasihi vijana waachane na "xaxa" na "cjui" wanapotangaza tijara zao. Instagram yenyewe imeeleza kwamba maneno yaliyoandikwa chini ya picha hutumika mtu anapotafuta kitu. Aandikaye kwa ukamilifu "mkoba wa ukindu kutoka Pemba" amempa mtafutaji njia, na aliyerundika vifupisho na alama za moto ameifunga.

Wafuasi wa kununuliwa sitawazungumzia sana. Hawajibu, hawasambazi, hawanunui, na kunyamaza kwao huiambia mashine kuwa mwenye ukurasa hana la kusikilizwa.

Lililonipendeza zaidi ni kwamba mpwa wangu, baada ya majuma yale, alinunua daftari. Kila mteja humwomba ruhusa, akaandika jina lake, nambari ya simu, na rangi aipendayo, na mzigo mpya ukifika kutoka Wete humpelekea ujumbe moja kwa moja, pasipo mpangaji kusimama katikati. Daftari lile leo lina majina mia mbili na kumi na nne, na wanunuzi wake wengi hutoka humo kuliko wale elfu tatu.

Nawe msomaji, ambaye huenda huna cha kuuza, umo katika hesabu hii kuliko udhanivyo. Leo ukikuta kazi ya mikono ya mtu wa mji wako, shairi zuri, au somo la mwalimu aliyejitolea kufundisha bure, usibonyeze moyo ukapita: mwandikie sentensi moja ya kweli, muulize jambo ulitakalo kujua, kisha umpelekee kazi hiyo jamaa yako mmoja atakayeipenda.