CD4 si Jeshi la Aina Moja

Hapa Sinza neno "CD4" limekwisha kuwa la kawaida. Tunaulizwa mara kwa mara maana yake, na si haba kwamba anayeuliza anafikiria kuacha dawa kwa kuwa ameombewa na anajisikia mzima. Yafaa basi tulijibu kwa uangalifu.

CD4 ni alama iliyo juu ya chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe T saidizi. Huzaliwa katika uboho wa mifupa na kukomaa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Zitokapo humo bado hazina kazi maalumu. Hungoja katika tezi za limfu, zile ambazo zikivimba twaziita mitoki, mpaka chembe za doria ziziletee kipande cha kijidudu. Pamoja na kipande hicho huja ishara za kikemikali, yaani saitokini, na hizo ndizo huamua chembe changa itakuwa ya kazi gani.

Ikipokea intalukini 12, huwa Th1, nayo hutoa intaferoni gama inayozipa nguvu chembe walaji ziue bakteria wa kifua kikuu waliojificha ndani yao. Ikipokea intalukini 4, huwa Th2, hodari dhidi ya minyoo, ingawa ndiyo hiyo hiyo ichocheayo pumu na mzio. (Mosmann na Coffman waliyatofautisha makundi hayo kwa panya mwaka 1986, kwa wanadamu mpaka wake hauko wazi kiasi hicho.) Th17 hulinda utando wa kinywa na utumbo dhidi ya fangasi. Nyingine huzisaidia chembe B kutengeneza kingamwili. Tena ziko T dhibiti, ambazo huuzuia mwili usijishambulie wenyewe. Ugunduzi wake ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

VVU huingia kwa kupitia alama ya CD4. Th17 za utumbo huteketea mapema, na zikipungua utando mweupe huota kinywani. Th1 zikipungua, kifua kikuu hupata nafasi.

Lakini chembe zilizokwisha kupambana hazifi zote. Baadhi hubaki kuwa chembe za kumbukumbu, zinazodumu miaka mingi. Ndizo zinazofanya chanjo ifae. Kwa masikitiko, VVU hujificha humo humo, kimya, mahali ambapo ARV hazimfikii. Ndiyo maana mtu aweza kuwa na CD4 nyingi, kipimo kisione kirusi, naye bado hajapona. Akiacha dawa, kwa kawaida kirusi hurudi ndani ya wiki chache.

Sala kwa wagonjwa sisi wenyewe twaiongoza. Kanisa litoalo Mpako wa Wagonjwa ndilo pia lililoanzisha PASADA katika Jimbo Kuu la Dar es Salaam mwaka 1992, wala halikuona mgongano kati ya sala na kliniki. Aliyekwisha kuacha dawa arudi sasa. Tangu 2016 matibabu nchini hayangoji tena CD4 zishuke.