Folda Kwenye Wingu: Zinazookoka na Zisizookoka

Fundi akishathibitisha kwamba diski imekufa, huuliza: "Una nakala kwingine?" Wengi hujibu kwamba wanayo kwenye flashi, na flashi yenyewe imo kwenye mkoba uleule wa kompyuta. Mwizi akiubeba mkoba, kabeba vyote. Nakala moja lazima ikae mbali na nyumba, na kwa mtumiaji wa kawaida njia nyepesi ni wingu, yaani kompyuta za kampuni kama Google, Microsoft au Dropbox zinazokutunzia mafaili kupitia intaneti.

Kabla ya kupakia chochote, chagua. Nafasi ya bure ni ndogo: Google hutoa GB 15, ambazo barua pepe na picha za simu nazo hulia humohumo, OneDrive ya Microsoft GB 5, Dropbox GB 2. Programu husakinishwa upya, na filamu zitapatikana tena. Kinachostahili kwenda winguni ni kile kisicho na pacha duniani: picha za familia, vyeti na hati za kiwanja ulizoskani, tasnifu, mahesabu ya duka.

Kwenye Windows 11, OneDrive huwa imo tayari. Bofya alama ya wingu iliyo chini kulia, karibu na saa, fungua mipangilio kwenye alama ya gia, kisha bofya palipoandikwa Manage backup. Washa Documents, Pictures na Desktop. Hapo hutokea jambo ambalo wengi hawalitarajii: folda hizo huhamishiwa ndani ya folda ya OneDrive. Kilichokuwa C:\Users\Asha\Documents huwa C:\Users\Asha\OneDrive\Documents. Programu ya mahesabu iliyozoea njia ya zamani inaweza kudai haioni faili lake, na mwenye kompyuta akadhani limepotea. Aidha, folda uliyoiweka kwenye diski D haimo katika mpango huo. Ukitaka folda ibaki ilipo, programu ya Google Drive ya kompyuta hukuruhusu kuongeza folda yoyote bila kuihamisha.

Sasa bando. Kasi ya kupakia kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kupakua. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, GB 50 za picha zitachukua zaidi ya saa 55, na bando litaliwa kiasi hichohicho. Anza na folda ya hati, ambayo ni nyepesi, halafu picha zifuate usiku mmoja baada ya mwingine. Ukitumia intaneti ya simu, iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. OneDrive itasimama yenyewe. Umeme ukikatika usihofu, kazi huendelea ukirudi.

Jambo zito zaidi ni hili: huduma hizi husawazisha, yaani kila badiliko la kompyuta hufuata winguni. Mtoto akifuta folda ya picha, hufutika na kule. Faili lililofutwa hukaa kwenye pipa la taka la OneDrive au Google Drive siku 30, kisha huondoka kabisa. Virusi vya kudai fidia, kama WannaCry iliyotikisa dunia Mei 2017, hufunga mafaili kwa msimbo, na mafaili hayo yaliyofungwa nayo yatapakiwa juu ya yale mazima. Matoleo ya zamani yanayotunzwa na huduma hizi yanaweza kukuokoa, lakini nayo yana kikomo. Ndiyo sababu wataalamu hushikilia kanuni ya tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya nyumba. Wingu ni hiyo moja. Nunua na diski ya nje, nakili kila mwezi, kisha ichomoe. Virusi havifiki kwenye diski iliyo kabatini.

Linda mlango pia. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na namba za dharura za kuingilia utakazopewa ziandike kwenye karatasi, kwani laini ya simu ikipotea ujumbe wa kuingilia hautakufikia. Kumbuka vilevile kwamba Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili.

Mwisho, jaribu. Ingia kwenye akaunti yako kwa kifaa kingine, pakua picha moja ya zamani na hati moja, uzifungue. Rudia kila baada ya miezi michache. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha, usiihesabu.