Mheshimiwa Aulizwapo Ndoa Badala ya Maji

Mwanasiasa wa kike nchini Kenya huripotiwa kwa macho mawili. Jicho la kwanza humtazama kama linavyomtazama mwanasiasa yeyote: amesema nini, amepiga kura upande gani, fedha za umma amezifanyia nini. Jicho la pili humtazama kama mwanamke: ameolewa na nani, ameachika lini, amevaa nini, ni kigogo gani aliyemshika mkono akapanda. Lawama za ubaguzi wa kijinsia huzuka pale jicho la pili linapolifunika la kwanza, msomaji akabaki anaijua ndoa ya mheshimiwa bila kuijua kazi yake. Kibera na Kawangware, mitaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi na kwenda chooni hulipiwa, ujinga huo una gharama.

Kibera ndiyo kitovu cha eneobunge la Kibra, lililomegwa kutoka Lang'ata kabla ya uchaguzi wa 2013. Kawangware, pamoja na Gatina na Kabiro, imo Dagoretti Kaskazini, eneobunge moja na majirani matajiri wa Kilimani na Kileleshwa. Kibra haijawahi kumchagua mbunge wa kike. Dagoretti imewahi, tena zaidi ya mara moja. Kwa hiyo upande mmoja wa jiji unaonyesha jinsi mwanamke asivyoonekana katika habari za siasa, na upande wa pili jinsi anavyoonekana kwa upogo.

Mambo haya hayakuanza na mitandao ya kijamii. Mwaka 1974 kiti cha Lang'ata, Kibera ikiwa ndani yake, kilichukuliwa na Mwangi Mathai. Mkewe Wangari, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, alimfanyia kampeni. Baadaye alianzisha kampuni ndogo ya kupanda miti na kutunza bustani ili baadhi ya wapigakura walioahidiwa kazi wazipate. Ndoa hiyo ilipovunjwa mahakamani mwaka 1979, magazeti yaliifuata kesi kwa uroho. Ikaenea kauli kwamba mama huyo amesoma kupita kiasi, ni mkaidi na hatawaliki. Alipolieleza jarida la Viva maoni yake juu ya jaji, alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kudharau mahakama, akaachiliwa baada ya siku 3.

Talaka hiyo ilimfuata hadi kwenye masuala ya umma. Mwaka 1989 Wangari, ambaye sasa aliandika jina lake Maathai, alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, jumba ambalo lingekuwa makao ya Kenya Times, gazeti la chama tawala cha KANU. Hoja zake zilihusu ardhi ya umma na mkopo mkubwa ambao taifa lingelazimika kuulipa. Bungeni, badala ya kujibiwa kwa hesabu, kundi lake la kutetea mazingira lilikejeliwa kuwa ni la wanawake walioachika. Rais Daniel arap Moi naye alisema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika angewaheshimu wanaume na kunyamaza. Magazeti yalizichapa kauli hizo kama majibu, ilhali hakuna swali hata moja zilizolijibu. Jumba hilo halikujengwa. Maathai aliingia Bungeni mwaka 2002 kama mbunge wa Tetu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Utaratibu huo wa mwaka 1989 umekuwa ukirudiwa tangu hapo: mwanamke analeta jambo la umma, anajibiwa kwa ndoa yake, na chombo cha habari kinalibeba jibu hilo hadi ukurasa wa kwanza.

Dagoretti nzima, ilipokuwa bado eneobunge moja, Kawangware ikiwemo, iliongozwa na mwanamke kwa muda mrefu. Beth Mugo alishinda kiti hicho mwaka 1997 akakikalia hadi 2013, na tangu 2008 akawa pia Waziri wa Afya ya Umma. Hata hivyo, utambulisho wake katika habari ulianza mara nyingi na ukoo: mtoto wa ndugu yake Rais wa kwanza Jomo Kenyatta, binamu wa Uhuru Kenyatta. Udugu huo ni wa kweli, na katika siasa za Kenya si jambo dogo. Wanaume wenye baba mashuhuri nao hutajwa vivyo hivyo. Lakini mwanamume hupewa nafasi ya kulizidi jina la babake. Kwa mwanamke, miaka 15 ya kuchaguliwa na wapigakura wa Dagoretti haikutosha kuutoa ukoo katika sentensi ya kwanza.

Katiba ya 2010 iliongeza kiti cha mwakilishi wa wanawake katika kila moja ya kaunti 47. Nairobi, kuanzia mtaa wa kitajiri wa Karen hadi Laini Saba ya Kibera, ina mmoja tu: Rachel Shebesh alichaguliwa mwaka 2013, kisha Esther Passaris mwaka 2017 na tena 2022. Wawakilishi hawa ndio husimamia hazina ya NGAAF, inayovifadhili vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hayo peke yake yangetosha kuwapa waandishi kazi ya mwaka mzima. Kinachokumbukwa na wengi ni mambo mengine.

Tarehe 6 Septemba 2013 Shebesh alifika ofisini kwa Gavana Evans Kidero, City Hall, akiwa na wafanyakazi wa kaunti waliokuwa wamegoma. Kamera zilimnasa gavana akimpiga kofi. Kwa siku kadhaa redio, magazeti na runinga zilijadili iwapo mwanamke huyo alistahili kupigwa, alisema nini hata akapigwa, na kama ana adabu. Malalamiko ya wafanyakazi waliokuwa naye, ambao wengine wao hulala katika mitaa kama Kibera na Kawangware, yalitoweka. Kofi la gavana lilikuwa habari kubwa, hakuna ubishi. Kilichokuwa cha aibu ni kuugeuza mjadala uwe wa tabia ya aliyepigwa.

Kisa cha Novemba 2016 ni kibaya zaidi, kwa kuwa kilitokea ndani ya studio. Passaris na Miguna Miguna, wote wakiwa wametangaza nia ya kuwania ugavana wa Nairobi, walialikwa katika kipindi cha Jeff Koinange kwenye runinga ya KTN. Mbele ya kamera Miguna alimwambia Passaris kwamba anajiona mrembo kiasi cha kudhani kila mtu anataka kumbaka. Kipindi kiliendelea. Baada ya hasira za watazamaji, Koinange aliomba msamaha na kituo kikakiondoa kipindi hicho hewani. Tukio hili linaonyesha kwamba mwendeshaji wa mahojiano si mtazamaji. Ana uwezo wa kukata kauli, kumtaka mgeni aombe radhi, au kumtoa. Asipofanya hivyo, tusi linakuwa la kituo pia.

Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 2019, Passaris alilalamika jukwaani kwamba Gavana Mike Sonko hapokei simu zake. Suala lilikuwa ushirikiano wa ofisi mbili zinazowahudumia watu wale wale. Sonko alimjibu mbele ya umati kwamba yeye si mumewe, na Passaris akaondoka. Zikafuata tuhuma kutoka kwa gavana kuhusu maisha ya faragha ya mwenzake, nazo Passaris akazikanusha, na kwa siku nyingi vyombo vya habari vikala kwenye sahani hiyo. Mkazi wa Kibera aliyetaka kujua kwa nini viongozi wake wawili hawawezi kufanya kazi pamoja hakupata jibu.

Beatrice Elachi, mbunge wa sasa wa Dagoretti Kaskazini, alionja haya kabla ya kuchaguliwa. Alikuwa Spika wa Bunge la Kaunti ya Nairobi kuanzia 2017. Septemba 2018 madiwani walipiga kura ya kumwondoa, mahakama ikamrudisha, na mvutano ukaendelea kwa vurugu hadi alipojiuzulu Agosti 2020. Mapambano hayo yalihusu madaraka na usimamizi wa bunge lenyewe, mambo mazito. Ila picha zilizozunguka zaidi zilikuwa za kusukumana, na hadithi ikawa ya mwanamke aliyeshindwa kuwatuliza wanaume. Mwaka 2022 wapigakura wa Kawangware na majirani zao walimpa kiti cha ubunge kwa tiketi ya chama cha ODM.

Mwili wa mwanamke nao hugeuzwa habari. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, alitolewa katika Bunge la Kitaifa kwa kuingia na mtoto wake mchanga. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba alitolewa katika Seneti akiwa amevaa suruali yenye doa jekundu. Orwoba alilitumia doa hilo kuzungumzia wasichana wasiomudu sodo, tatizo linalojulikana vizuri sana katika shule za Kibera. Sehemu kubwa ya mjadala ilibaki kwenye suruali.

Kutoonekana ni aina nyingine ya ubaguzi, nayo haipigiwi kelele. Uchaguzi mdogo wa Kibra wa tarehe 7 Novemba 2019, uliofuatia kifo cha mbunge Ken Okoth, ulivutia wagombea zaidi ya 20. Kwa msomaji wa magazeti ulikuwa mchuano wa wanaume watatu: Imran Okoth, McDonald Mariga na Eliud Owalo. Ni kweli kwamba hao ndio waliokuwa na vyama vyenye nguvu. Lakini mgombea asiye na fedha huitegemea habari ya bure, na mwanamke wa mtaani ndiye mara nyingi asiye na fedha. Utafiti wa kimataifa wa ufuatiliaji wa vyombo vya habari ulionyesha kwamba mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaotajwa na kuhojiwa katika habari duniani. Mwaka 2020, robo karne baadaye, walikuwa asilimia 25.

Sifa nazo huweza kubagua. Martha Karua aliitwa kwa miaka mingi mwanamume pekee katika Baraza la Mawaziri, na waliosema hivyo walidhani wanamsifu. Maana yake ni kwamba ujasiri ni mali ya wanaume, naye ameazimwa. Raila Odinga, aliyeiwakilisha Kibera bungeni kwa miongo miwili, alipomteua kuwa mgombea mwenza wake wa urais Mei 2022, maswali kuhusu rekodi yake akiwa Waziri wa Haki yalikuwa ya halali kabisa. Kumpima kwa ukali wa sauti hakukuwa na uhalali huo.

Hapa ndipo panahitaji uangalifu, kwa sababu si kila lawama dhidi ya mwanasiasa wa kike ni ubaguzi. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi kupinga mauaji ya wanawake. Passaris alipofika alizomewa, wengi wa waliomzomea wakiwa wanawake waliotaka kujua alikuwa wapi muda wote huo. Hilo lilikuwa swali la kazi, aliloulizwa mtumishi wa umma na waajiri wake. Kiongozi anayekimbilia kilio cha ubaguzi kila anapoulizwa hesabu anawadhulumu wanawake wanaotukanwa kweli. Kipimo kinachofaa ni chepesi: je, swali hilo hilo lingeulizwa kwa mwanamume mwenye cheo hicho?

Sababu za hali hii haziko katika nia mbaya tu. Habari ya ugomvi huuza haraka kuliko habari ya bajeti ya kaunti. Asubuhi redioni, mazungumzo ya ndoa kama Patanisho ya Radio Jambo yana wafuasi wengi, na mwanasiasa wa kike huingizwa kwa urahisi katika kalibu hiyo iliyokwisha zoeleka. Kisha kuna mikutano ya usiku na hofu ya vurugu, kama zile zilizokumba Kibera na Kawangware baada ya uchaguzi wa 2017, zinazomfanya mwanamke asionekane pale wanapopiga picha waandishi.

Kanuni zipo. Mwongozo wa maadili chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 unataka wanawake na wanaume watendewe kwa usawa kama wahusika na kama vyanzo vya habari. Sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni inaharamisha kumwandama mtu mtandaoni na kusambaza picha zake za faragha. Redio za jamii pia zina nafasi yake: Pamoja FM, iliyoanza kutangaza kutoka Kibera mwaka 2007, iko karibu na mitaro ya Lindi na Makina kuliko chumba chochote cha habari cha katikati ya jiji.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Wahariri na watangazaji wawaulize wagombea wote wa Kibra na Dagoretti Kaskazini, wa kike kwa wa kiume, maswali yale yale kuhusu maji, vyoo, ubomoaji wa nyumba na fedha za maendeleo. Swali la ndoa, likiwa ni la lazima, waulizwe wote. Kama halimfai mwanamume, lisiulizwe kabisa.