Homa ya Manjano na Homa ya Ini

Jina "homa ya manjano" limebebeshwa mizigo miwili. Kwa wengine ni ule ugonjwa uenezwao na mbu. Kwa wengine ni ugonjwa wowote wa ini ugeuzao rangi ya macho. Arusha ni mji wa wasafiri: barabara itokayo Nairobi kupitia Namanga huingia humo, na madereva na waongoza watalii wapandao Mlima Meru wanaijua sana kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Yule adhaniaye kwamba maradhi hayo ni mamoja atajiona amekingwa na kirusi cha ini aina ya B, wala hakukingwa.

Manjano ni dalili tu. Seli za ini zikiharibika, au mfereji wa nyongo ukizibwa, rangi ya nyongo hubaki katika damu na kuenea mwilini. Chanzo chaweza kuwa kirusi, pombe, dawa au jiwe. Macho ya mgonjwa hayasemi ni kipi.

Ini lenyewe laweza kuulizwa. Kipande chembamba kama uzi hutolewa kwa sindano, hulowekwa katika fomalini, hugandishwa katika nta, kisha hukatwa vipande vyembamba mno. Juu yake hutiwa kingamwili ishikayo protini moja tu ya kirusi, nayo huambatanishwa na kimeng'enya. Palipo na protini hiyo hutokea rangi ya kahawia. Pasipo nayo rangi hiyo haitokei. Ipo na njia nyepesi zaidi: mwaka 1974 Toshio Shikata na wenzake wa Japani walionyesha kwamba orseini, rangi tu isiyo na kingamwili yoyote, huitia kahawia protini ya ganda la kirusi B.

Mahali rangi inapotua pana maana. Protini ya ganda hujaa nje ya kiini cha seli, hata seli ikafanana na kioo kilichosagwa. Protini ya ndani ya kirusi huonekana zaidi katika kiini chenyewe. Mwaka 1977 Mario Rizzetto wa Torino, Italia, alitangaza kwamba ameona katika viini vya seli za wagonjwa wa B protini isiyokuwa yoyote kati ya hizo mbili. Ndivyo kirusi D kilivyojulikana, nacho hakienei pasipo B.

Siku hizi kipimo cha damu huwatosha wagonjwa wengi. Hata hivyo, jina "homa ya ini", ingawa ni bora kuliko lile la kwanza, nalo lina kasoro: wengi wenye kirusi B huishi miaka bila homa wala manjano. Herufi isipotajwa, msikiaji hajui ni kirusi gani, wala hajui kwamba chanjo wapewayo watoto wachanga Tanzania tangu 2002 ni ya B.