Usimpenyeze Kuku Bandani Usiku

"Veterineri, kidonda kimepona. Nimrudishe kuku wangu bandani usiku wa leo, wenzake wakiwa wamelala?" Huku Gisenyi swali hili naulizwa Mbugangari, naulizwa Rugerero, na mvua za Aprili zikishika naulizwa karibu kila ninapopita, maana kuku waliozoea kuzurura uani hushinda ndani wamebanana, na aliye dhaifu hana pa kukimbilia. Jibu ni hapana. Naliandika hapa kwa sababu nimechoka kuletewa kesho yake kuku yuleyule, safari hii utosi wote umechunwa.

Imani iliyo nyuma ya swali hili inadai hivi: kuku haoni gizani, kwa hiyo ukimpenyeza kati ya wenzake usiku, wataamka wamkute na kudhani alikuwapo siku zote. Nusu ya kwanza ina ukweli. Giza likiingia kuku hutulia, hushikika bila purukushani, wala hapigani. Nusu ya pili ni uongo mtupu.

Kuku anamjua kila mwenzake, na humtambua hasa kwa kichwa. Katika miaka ya 1920 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, alieleza kwamba kila kundi lina ngazi zake: huyu humdonoa yule, yule humdonoa wa tatu, na kila mmoja anajua nani anamzidi na nani anazidiwa naye. Watafiti waliofuata walibadili sura ya kilemba na kichwa cha kuku mmoja, wenzake wakamvamia kama mgeni. Sasa mtazame tetea wako. Kilemba kimechanika, au kimenywea na kupauka kwa ugonjwa. Manyoya ya shingoni yametoka. Amekaa jikoni kwako mwezi mzima. Usiku mmoja haumrudishii sura yake wala nafasi yake. Kukicha, wenzake wanamwona mgeni aliyelala kwenye fito zao.

Na kunakucha lini? Hapa Gisenyi, karibu na saa kumi na mbili asubuhi kuku wameshaamka na wanaonana vizuri. Mwenye nyumba anafungua banda saa moja, wengine saa mbili, watoto wakishaenda shule. Muda huo wa katikati ndio unaoua. Uani, kuku aliyeshindwa hukimbia hatua chache na ugomvi ukaisha, kwa kuwa anayemfukuza anataka tu apishwe. Bandani hakuna pa kukimbilia: ukuta ni wa mawe ya volkano, mlango umetiwa komeo kwa kuogopa wezi. Basi anajikunyata kwenye kona na kuficha kichwa, nao wanamdonoa utosi na mgongo. Tone la kwanza la damu likitoka, hata wasio na ugomvi naye husogea, maana wekundu huwavuta. Hapo hawagombanii nafasi tena. Wanamla mwenzao akiwa hai, na wewe umelala ukiamini umefanya hekima.

Najua imani hii ilikotoka. Tetea anayeatamia, ukimwekea vifaranga wa siku moja chini ya mbawa usiku, mara nyingi huwakubali kama wake. Desturi hiyo ni nzuri, nami naipendekeza. Lakini inafaulu kwa sababu mwili wa tetea huyo umeshaingia katika hali ya kulea. Amekalia mayai majuma mazima akingoja vifaranga. Kuku kumi waliolala kwenye fito hawamngojei yeyote. Usiku ni wakati mzuri pia wa kuhamisha kundi zima kwenda banda jipya, kwa kuwa wanahama na ngazi zao. Kuzichukua desturi hizo mbili na kuzigeuza dawa ya tetea mkubwa aliyepigwa ni kosa, na wanaolisambaza sokoni hawaji kumwokota kuku wako asubuhi.

Wapo wanaonijibu: "Kwangu ilifaulu." Nawauliza kuku alitengwa siku ngapi, na mara nyingi nasikia mbili au tatu. Kuku huwakumbuka wenzake kwa wiki mbili hivi. Huyo angepokewa hata ukimrudisha saa sita mchana.

Na tafadhali, acheni kuwapaka kuku oili chafu ya gari ili wasidonolewe. Inachoma ngozi, na kuku hujisafisha manyoya kwa mdomo, kwa hiyo anaimeza. Mayai yake mnawapa watoto.

Kabla ya kuuliza kuku wako atarudi vipi, uliza kwa nini alipigwa. Mpapase mfupa wa kifua kama amekonda, mfunue manyoya ya chini ya mkia utazame chawa. Kuku mgonjwa huonewa kwa sababu ni mgonjwa. Mwenye kinyesi cha kijani au shingo iliyopinda harudi popote: huenda ni mdondo, na veterineri wa sekta aitwe leo. Wakidonolewa wengi, tatizo liko kwenye nafasi au chakula. Mahindi matupu hayana protini ya kutosha. Samaki wadogo waitwao sambaza, wakikaushwa na kusagwa, wanasaidia, na ziwa liko hapo chini.

Sasa namna ya kumrudisha. Kidonda kifunge kabisa, pasibaki wekundu. Usingoje manyoya yote, kwani yaliyokatika hayataota mpaka anyonyoke upya. Asikae jikoni: tangu siku ya kwanza ya matibabu mtenge humohumo bandani nyuma ya waya wa kuku, ale na alale akionwa na wenzake. Kama alikwisha kukaa mbali, mpe wiki moja au mbili nyuma ya waya huo. Kisha mwachie mchana, uani, ukiwepo, ikiwezekana na mwenzake mmoja mpole. Tawanya chakula, weka vyombo viwili vitatu mbalimbali, egemeza bati ukutani apate pa kujificha. Kudonolewa mara moja na kuachwa ni kawaida, usiingilie. Akifuatwa hadi kwenye kona, au damu ikionekana, mtoe. Usiku arudi nyuma ya waya mpaka zipite siku kadhaa za amani. Mchokozi akiwa mmoja, mtenge yeye siku nne tano, mara nyingi hurudi amepoa. Ikishindikana kabisa, mjengee aliyepigwa kibanda akae na tetea wawili wapole, au muuze, au mle. Ila kwanza soma kwenye chupa ya dawa uliyompa siku za kusubiri, za nyama na za mayai.